Sungura Hashikwi Masikio

Leo tuzungumze juu ya sungura wa nyumbani. Najua wengine mtasema, "Sungura naye ni wa kuzungumziwa? Si mnyama wa watoto huyo?" Ndiyo, mara nyingi ni watoto wanaomtunza. Lakini wapo sungura wanaokufa na majani yamejaa bandani. Wanakufa kwa sababu ya mikono yetu. Tunawashika vibaya.

Kwanza tumjue. Sungura huyu si yule mjanja wa hadithi. Yule wa porini kwetu hachimbi shimo. Hulala majanini, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Huyu wa bandani asili yake ni Ulaya, upande wa Hispania. Mababu zake waliishi kwenye mashimo ardhini. Ndiyo maana watoto wake huzaliwa uchi, na macho hufunguka baada ya siku kama 10. Ndiyo maana pia anapenda sanduku la kujificha. Mkono unaomshukia ghafla kutoka juu, kwake ni kama mwewe.

Basi mzoeshe polepole. Siku za kwanza usimshike. Keti karibu na banda, mpe majani ya viazi vitamu kwa mkono. Sema naye kwa sauti ya chini. Akija mwenyewe kula mkononi, mpapase kwenye paji la uso. Fanya hivyo kila siku. Akipiga chini kwa mguu wa nyuma, ana hofu. Mwache kwanza.

Je, akishazoea, tunamwinuaje? Sikilizeni vizuri:

1. Mkono mmoja pitisha chini ya kifua chake.
2. Mkono wa pili ubebe makalio.
3. Mlete kifuani pako, ubavu wake uguse mwili wako.
4. Ukimrudisha bandani, tanguliza makalio, maana hupenda kuruka.

Usimwinue kwa masikio hata siku moja. Masikio si mpini wa jembe! Yana mishipa mingi ya damu, nayo humpunguzia joto. Tena mifupa ya sungura ni myepesi, lakini miguu ya nyuma ina nguvu sana. Akining'inia hupiga mateke, na teke lake mwenyewe laweza kumvunja uti wa mgongo. Hapo miguu hupooza. Mara nyingi hapati kupona.

Na watoto wetu je? Mtoto mdogo asimbebe huku amesimama. Aketi mkekani, sungura awekwe mapajani. Hata akiruka, hataanguka mbali.

Jike mwenye mimba huzaa baada ya siku kama 31. Ukimwona ananyonyoa manyoya ya tumboni, anatandika kiota. Siku hizo asisumbuliwe na watoto wala mbwa. Akitishwa anaweza kuwakanyaga watoto wake, hata kuwala.

Mtu ataniuliza, "Huyu ni kitoweo changu, kumzoesha kuna faida gani?" Faida ipo. Sungura aliyezoea mikono unaweza kumkagua kila wiki. Tazama ndani ya masikio: ukiona ukoko, huo ni upele. Tazama meno, kwa kuwa hukua maisha yote. Mpe nyasi kavu ayasage. Tazama nyuma: kama amechafuka, anahara. Mwone afisa mifugo mapema. Anayekimbia kila akikuona, ugonjwa wake utaujua umechelewa.

Mambo mawili ya mwisho. Majani ya parachichi usimpe, ni sumu kwake. Na siafu wa migombani mnawajua: weka miguu ya banda ndani ya makopo yenye maji au oili chafu.

Haya, leo jioni chukua konzi ya majani, keti karibu na banda, umngoje aje. Usimvute.