Kukaa Mbele ya Picha: Sanaa Takatifu katika Sala na Tafakari



Nimepewa mada ya sanaa takatifu katika sala, na naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliongoza mafungo ya Kwaresima kwa akina mama. Nilikwenda na kompyuta, projekta na picha 32 za mateso ya Bwana, kila moja na maelezo yake. Picha ya kwanza ilipotokea ukutani, mashine ikagoma. Nilihangaika na waya kama robo saa hivi, picha ileile imeganda pale, akina mama kimya. Mashine ilipokubali nikazikimbiza zile 31 zilizobaki ili nifidie muda. Jioni nikauliza ni picha ipi imebaki moyoni. Kila aliyejibu alitaja ile ya kwanza. Mama mmoja akanipasulia: "Mwalimu, ile tuliiona. Zile nyingine ulituonyesha."

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa picha moja. Na nilipokuja kusoma habari za watawa wa San Marco, nikagundua kwamba yule mama alikuwa amefika huko kabla yangu.

San Marco ni konventi ya Wadominiko katika mji wa Florence, Italia. Siku hizi ni makumbusho. Wadominiko walikabidhiwa mahali pale mwaka 1436, majengo yakiwa hoi, na tajiri Cosimo de' Medici akagharamia ujenzi mpya. Miongoni mwa ndugu wale alikuwapo mchoraji, Fra Angelico, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1982, na miaka 2 baadaye akamfanya msimamizi wa wasanii. Yeye na wasaidizi wake walichora katika vyumba vya ghorofani, vile ambamo watawa walilala, walisoma na kusali. Kila chumba kina dirisha dogo, na kando ya dirisha picha moja ukutani. Moja tu. Mtawa akifungua mlango, madirisha yake ni mawili: hili la kutazama nje, na lile la kutazama Injili.

Picha zile hazikuletwa zikatundikwa. Zimechorwa kwenye lipu mbichi ya chokaa, na rangi hunywewa na lipu kabla haijakauka. Mchoraji hupiga lipu kipande anachoweza kukimaliza siku hiyo, kesho anaendelea na kingine. Kwa hiyo picha ni sehemu ya ukuta wenyewe. Huwezi kuiondoa bila kubomoa.

Nataka tuingie chumba cha 7. Kristo ameketi juu ya kiti, kama mfalme, amevaa nguo nyeupe na taji ya miiba, mkononi ameshika mwanzi. Macho yamefungwa kwa kitambaa, lakini ni kitambaa chepesi mno, unayaona macho kwa ndani. Nyuma yake ndipo penye ajabu. Hakuna askari. Kuna kichwa cha mtu anayetema mate huku akivua kofia kwa dhihaka, na kuna mikono, mikono mitupu isiyo na mabega wala miili, inapiga na kusukuma. Chini, kwenye ngazi, wameketi watu wawili waliompa Kristo mgongo: Bikira Maria ameshika tama, na Mtakatifu Dominiko amefungua kitabu mapajani, anasoma.

Dominiko aliishi karne ya 12 na ya 13. Hakuwapo uani kwa Kuhani Mkuu. Fra Angelico alijua hilo kuliko sisi, akamweka makusudi, kwa sababu mtawa aliyelala chumba kile alivaa kanzu ileile ya Dominiko. Picha inamwambia mtawa: nafasi yako ni hapa, kwenye ngazi. Kumbe unachokiona nyuma ya Dominiko ndicho anachokisoma. Askari wametoweka kwa kuwa mtu anayetafakari hakumbuki kila kitu. Hubaki na kibao, na mate, na fimbo.

Kuna jambo lingine ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Luka anasimulia kwamba walimfunga macho, wakampiga, kisha wakamtaka atabiri ni nani aliyempiga. Mchoraji amekataa kulijibu swali hilo. Mkono upo, mwenye mkono hayupo. Sikusoma haya mahali popote, ni tafakari yangu tu, lakini kila ninaporudi kwenye picha ile najikuta naangalia viganja vyangu.

Sasa, najua katika mitaa yetu swali la kwanza si hilo. Swali ni: "Ninyi Wakatoliki mbona mnaabudu sanamu?" Sitalipa muda mwingi, Kanisa lilikwisha kulijibu kwenye Mtaguso wa pili wa Nisea mwaka 787, na Mtaguso wa Trento ukalirudia mwaka 1563: heshima tunayoipa picha inamwendea yule aliyechorwa, na kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Akikubana jirani, mkumbushe msiba wa juzi. Mjukuu alitangulia mbele ya jeneza ameshika picha ya babu. Hakuna aliyedhani babu ni fremu. Ila fremu ile ingeanguka, uwanja mzima ungeshtuka.

Mimi hofu yangu iko upande mwingine, kwa sisi wenyewe tunaozipenda picha. Kuna anayeifanya hirizi, haipigii magoti bali anaiweka mlangoni izuie wachawi. Na kuna picha zinazoingia kwenye simu kila alfajiri, Yesu katikati ya mawaridi, na agizo la kuwatumia watu 10 la sivyo baraka itapita pembeni. Zile hazitazamwi na mtu. Zinapitishwa.

Kutazama kuna walimu wake. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho yaliyochapwa mwaka 1548, anamtaka anayesali aanze kwa kuona mahali: njia ya kutoka Nazareti kwenda Betlehemu ina urefu gani, ina upana gani, imenyooka au inapita mabondeni. Wapo wanaoweza hivyo kwa kufumba macho. Wengi wetu hatuwezi, mawazo yanakimbilia ada za shule. Ndiyo maana mwenzake, Padre Jerónimo Nadal, alitayarisha kitabu cha picha za Injili kilichotoka Antwerp mwaka 1593, baada ya yeye mwenyewe kufariki. Picha zimepewa herufi: A pale pa kuanzia, B, C, na chini kuna maelezo ya kila herufi. Jicho linashikwa mkono. Katekista yeyote anaweza kufanya vilevile kwa kidole chake.

Na msidhani ni lazima mambo haya yatoke Ulaya. Miaka ya 1970, kaskazini mwa Kamerun, jumuiya za Kikristo za Wamafa zilisoma Injili, kisha wanakijiji wakaziigiza habari zile wenyewe: nani anasimama wapi, nani anainama, mikono inafanya nini. Michoro ikafanyika kwa kufuata maigizo hayo, na ndizo picha zinazojulikana kama Jésus Mafa. Ninapoulizwa tufanye nini na Yesu wa macho ya bluu aliye sebuleni, husema: kama bibi amesali mbele yake miaka 40, mwache bibi. Lakini watoto wa Komunyo ya Kwanza waigize Injili kabla ya kuonyeshwa picha yoyote. Aliyewahi kulazwa chini kama yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi njiani, picha ya Msamaria ataitazama tofauti.

Tunayo hazina moja ambayo kila parokia inayo tayari, Njia ya Msalaba. Papa Klementi XII alithibitisha vituo 14 mwaka 1731, na kwa desturi ya Kanisa kinachohitajika hasa ni misalaba 14. Picha ni nyongeza ya kutusaidia. Basi tujiulize kama zinatusaidia. Nyingi zimetundikwa juu karibu na madirisha, mwanga unamulika machoni. Ijumaa tunapiga magoti, tunainuka, macho yote yako kwenye kitabu, na nusu saa haijaisha tumemzika Bwana. Siombi tuiache ibada hiyo. Naomba siku moja katika juma, jumuiya ichague kituo kimoja, ikishushe kama kinashushika, na ikae nacho.

Kukaa kwenyewe ni hivi. Dakika za kwanza usisome wala usieleze, macho yatembee. Utachoka upesi, dakika ya tatu utataka kuangalia saa. Usiondoke, hapo ndipo vitu vidogo huanza kujitokeza: kidole, kivuli, mtu aliye pembeni. Kisha mmoja asome Injili polepole. Halafu kila mtu atafute nafasi yake ndani ya picha, na aseme na Bwana kutokea hapo, kwa maneno yake. Mwisho fumba macho. Picha ikibaki, kaa nayo. Ikiondoka akabaki Yeye, usiikimbilie kuirudisha. Na kwa wanaochapisha nakala: msizifunike kwa plastiki inayong'aa, mshumaa ukiwaka mtaona mshumaa tu.

Karatasi mliyopewa mlangoni mmeifunika kama nilivyoomba, sasa igeuzeni. Ni chumba cha 7. Mikono iko mingapi sitawaambia, hesabuni wenyewe. Tunazo dakika 20, simu zizimwe, na kalamu tuziweke chini.