Ndani ya Mtambo: Magobole ya Usangu na Uhehe kama Kumbukumbu za Historia

Mhadhara wa umma, Rujewa



Najua wengi mmekuja kusikia habari za vita vya mababu. Vita nitavitaja. Lakini leo naomba tuingie mahali ambapo wanahistoria wetu hawaingii mara nyingi: ndani ya bunduki yenyewe, nyuma ya bamba la chuma linaloficha springi na nyundo. Dai langu ni moja. Gobole lililofuliwa na mhunzi wa huku kwetu linastahili uchunguzi uleule ambao wenzetu wanaipa sampuli ya kwanza ya bastola mashuhuri ya Ulaya.

Tuanze na hiyo bastola. Katika mji wa Oberndorf, kusini mwa Ujerumani, ndugu watatu wa familia ya Feederle, waajiriwa wa kiwanda cha Mauser, walibuni bastola inayojipakia risasi yenyewe. Sampuli ya kwanza ilikamilika Machi 1895, na silaha hiyo ikaja kuitwa C96. Ukiifungua utastaajabu: vipande vyake vya ndani vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe, bila pini, na skrubu pekee ni ya kubana vibao vya mpini. Sampuli za mwanzo zilizobaki ni adimu, na hazifanani. Umbo la nyundo, kwa mfano, lilibadilishwa mara kadhaa. Ndiyo maana watafiti huzilinganisha kipande kwa kipande na kusoma hata mikwaruzo ya tupa. Michoro ya kiwandani haisimulii yote, kwa kuwa fundi hurekebisha chuma kwanza, na karatasi hufuata baadaye, au haifuati kabisa.

Sasa turudi Usangu. Watemi waliobeba jina la Merere waliuza pembe za ndovu kwa wafanyabiashara wa pwani, na miongoni mwa vitu walivyopata ni bunduki. Biashara hiyo ilikuwa kubwa. Mwaka 1888 konseli mkuu wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi kati ya bunduki za biashara zilizoletwa Afrika zilitoka Liège, Ubelgiji, na Birmingham, Uingereza.

Nani alibeba ipi, na lini? Barua za wamisionari na taarifa za Wajerumani hutupa majibu nusunusu. Chuma hujibu vizuri zaidi. Mtutu uliopimwa Liège hugongwa muhuri wenye herufi ELG ndani ya duara la yai. Mwaka 1893 taji liliongezwa juu ya duara hilo. Kwa hiyo mtutu wenye ELG isiyo na taji ulipimwa kabla ya mwaka huo, na ukiukuta kijijini umekwisha kupata mwanzo wa simulizi bila kumuuliza mtu. Kisha tazama bamba la mtambo. Bunduki ya gumegume huwasha baruti kwa jiwe linalogonga chuma na kumwaga cheche kwenye kifa. Ya fataki huwashwa na kikombe kidogo cha shaba kinachopigwa na nyundo. Bunduki nyingi za gumegume zilibadilishwa baadaye ziwe za fataki, na aliyezibadilisha aliacha ushahidi: matundu ya skrubu za zamani yaliyozibwa. Mara nyingine ufundi wa kuziba unaonyesha kama kazi ilifanyika kiwandani au kwa mhunzi mwenye nyundo na moto wa mkaa tu.

Ipo pia sababu ya kisheria ya kuangalia ndani. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za gumegume zenye mtutu laini ziliruhusiwa kwa masharti. Mataifa ya Ulaya yalikaa mezani yakaamua Mwafrika abaki na mtambo wa aina gani. Uamuzi huo umeandikwa katika chuma kinachooza leo kwenye maghala yetu.

Mwaka mmoja baadaye, huko Uhehe, ikaja vita ya Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, lililotegemea zaidi mikuki, lilikivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski na kuteka bunduki zipatazo 300. Mara nyingi huwa tunasimulia ushindi huo na kuishia hapo. Mimi huuliza: bunduki zile zilihitaji kulishwa nini? Silaha za kupakia nyuma, kama Mauser ya 1871 waliyotumia askari wa Wajerumani, hutaka risasi yenye ganda la shaba iliyotengenezwa kiwandani kwa kipimo kamili. Gobole halina makuu. Unashindilia baruti na marisau kwa mdeki, na likikosa marisau litapokea vipande vya chuma. Mhehe aliteka bunduki, hakuteka kiwanda cha risasi. Ndiyo maana siwezi kueleza kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Mkwawa, mwishoni mwa Oktoba 1894 kwa kutazama ujasiri na ukuta wa boma peke yake. Sehemu ya maelezo imo ndani ya chemba ya bunduki.

Na hapa ndipo gobole la mhunzi linaponigusa zaidi. Nyanda hizi zina mabingwa wa chuma tangu zamani; Wakinga wa milima ya Livingstone walijulikana mbali kwa kazi hiyo. Mhunzi aliyeunda gobole hakuwa na mchoro wala kipimo cha kiwandani. Alitazama bunduki ya kigeni, akaielewa, akaunda mtambo wake kwa chuma alichokuwa nacho. La pili likatoka tofauti na la kwanza. Kila gobole, basi, ni sampuli pekee, na likipotea hakuna jingine la kulirudia.

Yanapotea kwa wingi. Kigoma mwaka 2016 silaha haramu zaidi ya 5,000 ziliteketezwa hadharani. Sipingi hata kidogo. Magobole yameua ndovu na nyati katika bonde la Ruaha, na yameua watu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 lazima ifuatwe. Mwenye gobole la babu bila kibali alipeleke polisi, hasa serikali inapotangaza msamaha.

Ombi langu linahusu saa chache kabla ya moto. Naomba Jeshi la Polisi, Makumbusho ya Taifa na idara za historia za vyuo vyetu wakubaliane utaratibu: mtaalamu wa silaha ahakikishe kila moja haina baruti, aifungue, ipigwe picha nje na ndani, ipimwe, mihuri inakiliwe, na kijiji ilikotoka kiandikwe. Zile za pekee kabisa ziharibiwe uwezo wa kufyatua, zihifadhiwe katika makumbusho ya Kalenga au makumbusho mengine. Nanyi wazee wa Usangu, mnaowajua wahunzi waliofanya kazi hiyo, tupeni majina yao tuyaandike sasa, mkiwa bado nasi.