Maji ya Kunywa: Hotuba ya Waliotembea kutoka Moshi hadi Arusha



Tumeombwa tueleze jinsi tulivyomaliza matembezi yetu ya kuchangia maji ya shule. Wengi wenu mliuona mwisho wake tu, Jumapili ile tulipoingia langoni tukichechemea, kengele zikilia, na akina mama wakitupokea kwa mabeseni ya maji ya uvuguvugu ya kuoshea miguu. Picha zimekwisha kusambaa, nasi ndani yake twaonekana mashujaa. Lakini jambo lililoipa safari ile maana lilitokea usiku wa kuamkia siku hiyo, katika darasa la shule moja karibu na Maji ya Chai, na hilo ndilo tunalotaka kuwasimulia.

Kutoka Moshi hadi Arusha ni yapata kilomita 80. Siku ya kwanza haina mengi. Tulivuka Weruweru, tukateremka bonde la Kikafu kwa nyimbo na kulipanda kwa kimya, tukalala Boma Ng'ombe. Wawili wetu walipandishwa garini kwa sababu ya malengelenge. Siku ya pili tulikatisha uwanda wa Sanya, penye upepo wa vumbi na kivuli haba, na huko gari lililobeba maji yetu likapata pancha nyuma yetu. Tulipokwisha kuipita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, chupa zilikuwa tupu.

Mama mmoja alituona tumeketi chini ya mti mbele ya nyumba yake. Akatoka na ndoo na vikombe viwili. "Karibuni maji, wageni wangu," alisema. "Ndiyo tunayokunywa siku zote."

Hapo tulitazamana. Mikobani mwetu mlikuwa na vipeperushi vya kuwaonya watu kama yeye juu ya maji kama yale. Sehemu nyingi za nchi hii iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro, maji hupita katika miamba ya volkano na kutoka humo na madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa kwetu visima na chemchemi kadhaa hupita kiwango hicho mara nyingi. Madini hayo hayana rangi wala ladha, na kuyachemsha maji hakuyaondoi. Mtoto anayeyanywa miaka yote ya kukua huota meno ya kahawia, na yakizidi mno, mifupa huathirika, miguu ikapinda.

Tulikunywa. Kikombe kimoja hakimdhuru mtu mzima, hilo tulilijua, lakini hatukunywa kwa ajili ya hesabu hiyo. Tulikuwa na kiu, naye alikuwa ametukirimu. Mwanawe, wa miaka 12 hivi, alikuja kupokea vikombe. Alituamkia vizuri sana, huku ameweka kiganja mbele ya mdomo. Hakukiondoa mpaka tulipoaga.

Usiku ule mwalimu wa shule tuliyolala alituuliza tumekusudia nini. Tukamjibu kwa fahari kidogo: tangi moja la lita 10,000 la kuvunia maji ya mvua, kwake, na jingine kama hilo katika shule ya jirani. Maji ya mvua hayana floraidi. Mwalimu alishukuru, kisha akachukua chaki. Wanafunzi 400, kila mmoja nusu lita kwa siku, ni lita 200. Tangi moja ni siku 50. "Wazee wangu," akasema, "mvua za masika zikikatika, hadi vuli ni miezi mingi. Tangi likikauka mwezi wa nane, watoto wanywe nini?"

Akatuuliza kwa nini hatutoi machujio, ambayo hufanya kazi mwaka mzima. Ndugu zetu, swali hilo tulikuwa tumelikwepa tangu mwanzo. Chujio linalotumika zaidi katika eneo letu, lile ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimelishughulikia kwa miaka mingi, hutumia mkaa wa mifupa, na mifupa hiyo ni ya ng'ombe. Baadhi ya wazee wetu hawawezi kutoa mchango kwa kitu hicho, nasi hatuwezi kuwalazimisha. Lakini hatukuwa tumewaambia wenyeji. Tulikuwa tumesema tu kwamba matangi ni bora zaidi.

Mzee wetu mmoja, ambaye miguu yake ilikuwa imefungwa bandeji, alisimama akamweleza mwalimu yote bila kuficha. Aliomba radhi, si kwa imani yake, bali kwa kuificha sababu. Mwalimu alinyamaza, kisha akacheka kidogo na kusema kwamba angalau sasa anajua anazungumza na nani.

Tulijadiliana hadi saa sita. Tulikubaliana matangi yote mawili yajengwe shule moja, pamoja na mifereji ya paa, yatoshe siku 100 za masomo. Maana yake shule ya pili haikupata kitu kutoka kwetu, na tunakiri kwamba uamuzi huo ulituuma. Wenzetu wa msikiti na wa usharika wa Kilutheri, waliotembea nasi hatua kwa hatua, wakasema, "Chujio la shule ya pili tuachieni sisi." Linaandaliwa sasa. Mkaa wake huchoka na hubidi ubadilishwe, na nani atagharamia hilo miaka ijayo bado hatujui. Ombi liko mbele ya halmashauri yetu, wala hatutaki lilale humo.

Asubuhi tukaondoka, tukapita Usa River na Tengeru penye migomba na ubaridi, tukaingia mjini. Mengine mliyaona.

Limebaki dogo. Wengine walitaka jina la hekalu liandikwe kwenye matangi kwa herufi kubwa, pamoja na mwaka wa sherehe hii. Tulimpigia mwalimu simu tumuulize nafasi iko upande gani. Alisema upande wa mbele angependa uandikwe maneno manne ambayo watoto wa darasa la kwanza wanaweza kuyasoma. Fundi ameyaandika kwa rangi ya buluu: Maji ya kunywa tu.