Pumziko la Mlinzi wa Usiku



Mwenzangu mmoja, mwanahistoria ninayemheshimu sana, aliposikia kwamba jioni hii nitazungumzia yoga nidra alinijibu papo hapo: mchimbaji wa shaba hahitaji kulazwa mkekani aambiwe alegeze mabega, anahitaji mshahara. Najua wengi humu ukumbini mko upande wake. Hoja yake ni nzito, nami nitakaa nayo kuliko jambo jingine lolote.

Kwanza tuelewane tunasema nini. Katika yoga nidra hakuna kujikunja wala kusimama kwa kichwa. Mtu analala chali, mikono pembeni, viganja vikitazama juu, macho yamefumbwa. Kazi yote ni ya sauti. Sauti inataja kidole gumba cha mkono wa kulia, kidole cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Kiganja, kiwiko, bega, kwapa, ubavu, nyonga, goti, mpaka vidole vya mguu. Halafu inahamia kushoto. Aliyelala anapeleka fahamu pale palipotajwa, basi, na sauti haimsubiri. Baadaye anahesabu pumzi kwa kurudi nyuma, anahisi uzito kisha wepesi, joto kisha baridi. Mwanzoni na mwishoni anasema moyoni nia moja fupi aliyojichagulia mwenyewe.

Suala la ukale wake nalipita haraka. Jina ni la zamani, na kugusa viungo kwa mantra kumo katika mapokeo ya Tantra, lakini utaratibu nilioueleza ulipangwa na Swami Satyananda Saraswati, mwanzilishi wa shule ya yoga ya Bihar huko Munger, India, na kitabu chake kilitoka mwaka 1976. Kabla yake, Edmund Jacobson wa Chicago alikwisha kuandika mwaka 1929 juu ya kulegeza misuli, na daktari Johannes Schultz wa Berlin, mwaka 1932, juu ya uzito na joto la viungo. Anayeuza kitu hiki kama siri ya miaka elfu kadhaa anatia chumvi.

Sasa nirudi kwa mwanahistoria. Kwake, uchovu ni deni: mwili umetoa nguvu, haukulipwa, ulipwe utatulia. Ni nani aliyetufundisha hapa Katanga kuuona mwili hivyo? Ni Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni. Tanuru la Lubumbashi lilipoanza kutoa shaba mwaka 1911, watu waliletwa, wakaugua, wakatoroka, wakaletwa wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili siasa: mfanyakazi akae kambini na mke na watoto, alishwe, atibiwe, adumu kazini. Daktari wa kampuni, Léopold Mottoulle, aliieleza siasa hiyo kwa fahari katika kijitabu cha mwaka 1946. Katika hesabu ile posho inaingia upande huu, kazi inatoka upande ule, na katikati hakuna mtu. Mwenzangu anaipinga kampuni kwa daftari la kampuni ileile. Posho ameiita mshahara, mengine yamebaki kama yalivyokuwa.

Mshahara ni haki, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimeupuuza. Lakini tanuru halizimwi usiku, na anayelihudumia usiku anajitupa kitandani asubuhi, wakati mwanga na joto la mwili wake vinamwambia amka. Usingizi wa mchana ni mfupi na unakatika hata kwa mtu aliyeshiba na kulipwa vizuri. Hakuna nyongeza ya mshahara inayosogeza jua.

Nililiona hilo nyumbani. Baba yangu alifanya zamu ya usiku tanuruni. Mshahara ulifika, unga wa bukari ulifika, usingizi ndio uliokataa. Mama alikuwa anaziba dirisha kwa blanketi, anaketi mlangoni na sinia ya maharage, na huku anachambua anamsimulia kwa sauti ya chini: nani amejifungua, mvua imeanzia wapi, nani ameonekana sokoni. Hakumtaka ajibu. Ndani ya habari hizo baba alilegea, taya likaachia, mkono ukafunguka juu ya shuka.

Ndiyo maana nina ukurasa ninaoupenda kuliko zote katika kitabu cha Satyananda, na wasomaji wengi wanauruka ili wafike kwenye mazoezi. Anasimulia kwamba alipokuwa kijana kwa mwalimu wake Sivananda, huko Rishikesh, alipewa kazi ya kulinda shule ya wavulana waliojifunza Kisanskriti. Alikesha. Ilipofika saa tisa usiku alizidiwa, akalala fofofo. Saa kumi alfajiri wavulana waliamka, wakaoga, wakaimba sala zao, naye hakusikia kitu. Muda ukapita. Siku moja wavulana wale walikuja kuimba kwenye sherehe, na yeye, ambaye hakuwahi kujifunza beti zile, akahisi anazifahamu. Mwalimu wao akamweleza kwamba alizisikia akiwa amelala.

Satyananda anatoa hapo hitimisho kubwa, kwamba mtu anaweza kufundishwa usingizini. Mimi simfuati mpaka huko; huenda alikuwa nusu macho bila kujua. Kinachonigusa ni mtu mwenyewe. Utaratibu unaodharauliwa kama anasa ya walioshiba umetoka kwa mlinzi wa usiku aliyechoka, aliyesinzia kazini huku sauti za wengine zikimpitia. Mwenzangu amuulize mlinzi yeyote wa lango, kuanzia hapa hadi Kampemba, kama hali hiyo ni ngeni kwake.

Wala Katanga haikungoja India ili iuheshimu usingizi. Katika Jamaa, harakati ya kidini iliyoanzishwa na Padre Placide Tempels miaka ya 1950 kule Kolwezi, ndoto zilisimuliwa kwa waongozi na kuwa sehemu ya mafundisho. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyepata kufundisha katika chuo hiki cha Lubumbashi, aliandika juu ya ndoto hizo mwaka 1966. Wale waumini walikuwa watu wa kambi za migodi.

Je, yoga nidra inaponya? Mwaka 2002 watafiti wa Denmark, Kjaer na wenzake, walipima ubongo wa watu 8 wakiwa katika yoga nidra, wakakadiria kwamba dopamini iliongezeka kwa asilimia 65 katika sehemu moja ya ubongo. Takwimu hiyo hunukuliwa kila mahali. Lakini wote 8 walikuwa walimu wazoefu wa kutafakari. Hakuna aliyetoka tanuruni. Naridhika kusema inatuliza na inasaidia usingizi. Haitibu malaria, na mgonjwa wa presha asiache dawa.

Wanafunzi wangu wanataka turekodi sauti, tuitume kwa simu. Ni rahisi, ni nafuu, na watafiti wengi wametumia kanda. Nimelipima hilo kwa haki, na bado nashikilia kwamba sauti iwe ya mtu aliyeketi pale, anayeona kifua cha aliyelala kikipanda na kushuka, na anayesema Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Asiwe msimamizi wa kazi, maana hapo mwenzangu atakuwa na haki ya kuogopa kwamba tunawatuliza watu ili wavumilie yasiyovumilika. Aliyepitia vita aruhusiwe kuacha macho wazi na kuinuka wakati wowote. Nataka tuanze na walinzi wa chuo hiki, wanapokabidhi zamu asubuhi, katika chumba kilicho nyuma ya maktaba, na nusu saa hiyo ihesabiwe kuwa ya kazi na ilipwe.