Kuomba na Kudai kwa Kiingereza


Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na huko Kiingereza ni lugha ya kazi. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa twakivuka kwa daraja la Kifaransa, na daraja hilo lina mashimo.

Mtu amefiwa na baba, ataka ruhusa akazike. Aandika: *I demand leave*. Sarufi haina kosa hata moja! Lakini *demander* ya Kifaransa ni kuomba. *Demand* ya Kiingereza ni kudai, tena kwa ukali. Mkubwa wa kazi aona ameamriwa, na ruhusa yapotea. Aandike: *I request leave*.

Ila msigeuze kila neno kuwa ombi. Mshahara wa mwezi uliokwisha kuutolea jasho si zawadi. Barua za upole zikikosa jibu, hapo *demand* ina mahali pake.

*Actually* nayo si "sasa" kama *actuellement*. Ni "kwa kweli". Ukijibu *I actually work at the mine*, Mwingereza atadhani wambishia. Sema *now*.

Na aliyeketi mkutanoni asiandike *I assisted the meeting*, maana huko ni kuusaidia. Aandike *I attended*.