Nati za Gurudumu na Heshima ya Kazi

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa shule.)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze jambo lolote kutokana na kazi yangu serikalini ambalo litawafaa wanafunzi. Nimechagua kufunga matairi. Najua wapo wanaocheka, kwa kuwa walitazamia habari za uchumi au za utawala. Hata hivyo, karibu sote tumefika hapa leo kwa magurudumu, na ni wachache kati yetu wanaojua magurudumu hayo yanashikiliwa na nini.

Nianze na kisa. Miaka michache iliyopita tulikuwa watu watano ndani ya gari la ofisi, aina ya Toyota Hilux, tukitoka Dodoma kwenda Iringa kwa kazi ya ukaguzi. Siku moja kabla ya safari gari lilipelekwa katika gereji moja kubadilishwa matairi yote manne. Gereji ilipaka na ringi zake rangi mpya ili zipendeze. Dereva wetu, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alilichukua jioni na kupewa risiti. Kesho yake, tulipokuwa tumekwenda kama kilometa 90 na hatujafika Mtera, alisema anasikia kitu kinagonga nyuma upande wa kushoto. Akapunguza mwendo ili asimame kando. Kabla hajasimama, gurudumu la nyuma la kushoto lilichomoka, likatupita, likaingia porini. Gari lilikaa juu ya dramu la breki, likaburuzika, likasimama.

Hakuna aliyeumia, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Mwendo ulikuwa umekwisha kupungua, na hapakuwa na gari lililokuwa likija mbele yetu. Lakini dramu lilipasuka, bomba la breki lilikatika, bati la ubavuni lilipondeka, ringi iliharibika, na katika bolti 6 za gurudumu lile hakuna hata moja iliyofaa tena.

Kilichofuata, Ndugu Mwenyekiti, ndicho kilichonifanya nilichague jambo hili. Wiki ile ile dereva aliandikiwa barua ya kujieleza. Alitakiwa atoe sababu kwa nini asikatwe mshahara kulipia matengenezo, kwa madai kwamba alikwenda mbio na kwamba hakulikagua gari. Gereji nayo ilijibu kwa barua fupi kuwa nati zote zilikazwa kwa nguvu zote. Jibu hilo liliwatosha watu wengi ofisini. Walioketi mezani hawakuona uzito wa jambo lenyewe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzee yule alikuwa ameendesha magari ya serikali maisha yake yote, na sasa alikuwa anakaribia kuondoka na jina baya na mafao pungufu.

Nasi abiria tuliandika maelezo yetu. Lakini maelezo ya abiria ni maneno tu. Ilitakiwa chuma nacho kiseme. Kwa hiyo naomba tuingie kidogo katika fizikia, na hapa nasema zaidi na vijana wa Kidato cha Tatu na cha Nne.

Bolti ya gurudumu hufanya kazi kama springi. Nati inapokazwa, bolti huvutika ikarefuka kiasi kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Kwa kuwa inataka kurudi katika urefu wake, huibana ringi kwenye habu. Mbano huo huleta msuguano kati ya uso wa ringi na uso wa habu, na msuguano ndio unaozuia gurudumu lisicheze. Ile Kanuni ya Hooke mnayoipima katika maabara kwa springi na mawe ya mizani ndiyo inayofanya kazi chini ya gari. Nanyi mnajua kuwa springi ikivutwa kupita kikomo chake hairudi tena.

Sasa tufanye hesabu. Kwa gari dogo kama Toyota Corolla, watengenezaji hutaka nati ya gurudumu ikazwe kwa nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 103. Ukiwa na spana yenye urefu wa sentimita 30, ni sawa na kuning'iniza kilo 35 mwishoni mwa spana hiyo. Mtu mzima wa kawaida anaiweza kwa mikono yake. Mchukue sasa fundi wa kilo 70. Achomeke bomba kwenye spana mpaka urefu wote ufike mita 1, kisha apande juu yake. Zidisha 70 kwa 9.8: unapata nyutoni-mita 686, yaani zaidi ya mara sita ya kiasi kinachotakiwa. Bolti hiyo imekwisha kuumia. Huenda ikakatika palepale, huenda ikakatika mwezi ujao mkiwa njiani. Mashine ya upepo ikiachwa igonge mpaka fundi aridhike huleta hasara hiyo hiyo, na mara nyingine huipinda diski ya breki, gari likawa linatetemeka kila dereva anapokanyaga breki.

Upande wa pili ni mbano uliolegea. Ringi ikipata nafasi ya kucheza, bolti hupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, kama waya mnaoukunja na kuukunjua mpaka ukakatika. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2 likienda kilometa 90 huzunguka zaidi ya mara 40,000. Ndiyo sababu gari hutoka gereji likiwa zima na kuharibika mbali sana na yule aliyelifunga. Dereva anakuwapo, fundi hayupo.

Mkaguzi wa magari alipolipima gurudumu letu, aliona mambo matatu. Kwanza, matundu ya ringi yalikuwa yamelika na kurefuka kama umbo la yai. Hilo haliletwi na shimo moja la barabarani, bali na ringi iliyocheza kwa masafa marefu. Pili, bolti nyingi zilikatika polepole, kwa kuwa nyuso za mikato yake zilikuwa laini na zenye mistari, na sehemu ndogo tu ndiyo iliyokuwa na mkwaruzo mpya wa kukatika ghafla. Tatu, kwenye uso wa habu palikuwa na kutu na tope lililokauka, na nyuma ya ringi palikuwa na rangi mpya nene iliyosagika.

Basi gereji huenda ilisema kweli kwamba ilikaza kwa nguvu zote. Ilikaza juu ya tope na rangi. Gari lilipoanza kwenda, tope na rangi vilisagika, nafasi ikapatikana, na mbano wote ukapotea ijapokuwa hakuna nati iliyoguswa.

Dereva alisafishwa, lakini baada ya miezi minne. Gereji haikulipa hata senti, kwa sababu hapakuwa na karatasi yoyote iliyoonyesha ni nani aliyefunga gurudumu lile, kwa kifaa gani, na kwa kipimo gani. Gharama zote zililipwa kwa fedha za wananchi.

Uharibifu wa namna hii una sura nyingi. Jeki ikiwekwa chini ya sehemu laini ya bodi huipinda, na ikiwekwa chini ya sampu ya oili huitoboa. Fundi mwenye pupa hulichana tairi ukingoni kwa vyuma vya kuvulia. Malori mengi ya Kijapani ya mfumo wa zamani yana nati za upande wa kushoto ambazo hufunguka kwa kuzungushwa kama mshale wa saa. Asiyejua huendelea kuzikaza akidhani anazifungua, mpaka akakata bolti. Na ringi zile zenye pete ya chuma zimekwisha kuua watu wakati wa kujaza upepo, pete isipokaa sawasawa. Hizo zijazwe ndani ya kizimba cha chuma tu.

Sasa yafaa niseme la kufanya, kwa ufupi.

1. Uso wa habu na uso wa ringi usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka uwe safi. Pasipakwe rangi nene, na nyuzi za bolti zisipakwe grisi.

2. Kila nati ianzwe kwa vidole. Nati ikikataa vidole, isilazimishwe kwa spana, itafutwe sababu. Kama nati ina ncha ya mviringo mwembamba, ncha hiyo ielekee kwenye ringi.

3. Nati zikazwe kwa kuvuka, ukitoka moja kwenda ile inayoielekea, na kwa hatua mbili au tatu. Hatua ya mwisho ifanywe gurudumu likiwa limegusa ardhi, kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu iliyotumika. Kipimo kitoke katika kitabu cha gari hilo.

4. Baada ya kilometa 50 hadi 100, gari lisimamishwe na nati zipimwe tena.

5. Yote yaandikwe: tarehe, kilometa, kipimo, na jina la aliyefunga.

Ofisini kwetu jambo la tano limekwisha kuwa utaratibu. Gari likitoka kubadilishwa matairi, fundi na dereva hutia sahihi karatasi moja, na dereva hupewa muda wa kusimama njiani kupima tena. Gereji mbili zilikataa kutia sahihi, nasi tukaacha kupeleka magari kwao. Waliokubali waliongeza uangalifu bila kuambiwa, kwa kuwa mtu anayeandika jina lake chini ya kazi huitazama kazi ile mara mbili.

Vijana, Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwezi Machi, 1967, ilitaka shule isitenganishe kazi ya mikono na kazi ya akili. Kati yenu watatoka mafundi. Hao nawaomba wasiione hesabu ya nyutoni-mita kuwa ni ya mtihani tu. Wengine mtakaa ofisini, na siku moja mtaletewa faili la dereva, la mhudumu au la karani. Kabla ya kutia sahihi barua ya kujieleza, ulizeni chuma kinasema nini. Mtu mdogo hana wa kumsemea ila ushahidi, na ushahidi huoza upesi usipotunzwa.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, naleta pendekezo. Chama chetu kiinunulie shule spana mbili za kipimo. Moja ikae katika gari la shule pamoja na jeki yake. Ya pili iwekwe katika maabara ya fizikia, ili kila mwanafunzi ajaribu kwa mkono wake kukaza nati kwa kipimo, aone jinsi kilivyo chepesi. Mimi niko tayari kuanza kuchanga leo hii.