Goti la Kijana: Kunyoosha Mguu Kabla Kiungo Hakijaisha

(Muziki wa kufungua unashuka.)

Kipindi hiki ni chenu mlioko kambini, na ninyi ndugu mliotoka kutafuta kazi Jinja na Mbale. Leo tunaongea juu ya goti linalomuuma mtu ambaye bado ana nguvu: mama wa miaka 35 anayebeba jerikani, au kijana anayeshusha mizigo sokoni.

Wengi husema, "Ni baridi tu." Lakini tazama miguu yako. Ukiwa na matege, yaani magoti yameachana, uzito wa mwili unaegemea upande wa ndani wa goti. Gegedu, kile kitu laini kinachofunika ncha za mifupa, linasagika upande huo, huku upande wa nje ukiwa bado mzima.

Kwa mtu kama huyo kuna upasuaji wa kunyoosha mguu. Daktari hukata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, akaupanga upya, akaufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Uzito unahamia upande mzima, na goti linabaki lako mwenyewe. Goti la bandia kwa kijana huchakaa mapema, kwa sababu analitumia sana. Kunyooshwa mguu kunaweza kumpa miaka 10 au zaidi kabla ya kulihitaji.

Upasuaji huu haurudishi gegedu lililokwisha. Tena haumfai mtu ambaye goti limesagika pande zote, wala mwenye ugonjwa unaovimbisha viungo vingi. Na anayevuta sigara, mfupa wake huchelewa kuunga.

Anza kwenye kituo cha afya, uombe barua ya rufaa. Jinja na Mbale zote zina hospitali ya rufaa ya serikali. Beba kitambulisho chako cha ukimbizi. Omba kuonana na daktari wa mifupa. Kama upasuaji huu haufanyiki hapo, muulize unafanyika wapi. Eksirei ipigwe ukiwa umesimama, ili uzito uonekane unapoangukia.

Kabla hujakubali, uliza: nani atalipia bamba na skrubu? Nirudi lini kupimwa? Na nyumbani, nani atachota maji? Utatembea kwa magongo wiki 6 au zaidi, na kazi nzito itangoja miezi kadhaa. Ukikanyaga kabla ya ruhusa, mfupa unaweza kuhama. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukikosa pumzi, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Leo jioni simama wima, vifundo vya miguu vigusane. Magoti yakiachana, na upande wa ndani unauma, usingoje goti zima liishe. Kaeni salama.

(Muziki wa kufunga.)